Nasaba ndani ya jeli



Leo naanza na barua. Imeandikwa na mama mmoja aishiye ughaibuni, ambaye jina lake na nchi aliyomo tunavihifadhi. Mama huyu ameomba kibali cha kumleta binti aliyemlea tangu akiwa na umri wa miezi minne, na katika fomu ya maombi, mahali palipoulizwa uhusiano wao, aliandika neno moja tu: mwanangu. Sasa amepata barua inayomshauri awasilishe ushahidi wa DNA. Binti huyo, kama aelezavyo mwenyewe, alizaliwa na mdogo wake ambaye amekwisha kufariki dunia. Yeye ni mama mkubwa, na kwao, kama ilivyo kwa wengi wetu, mama mkubwa ni mama. Anauliza maswali mawili. Kipimo hicho hufanywaje? Na je, kitamwona kuwa ni mwongo?

Swali la kwanza ni la maabara, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu siku hizi watu husema "DNA imesema" kana kwamba ni kauli iliyoshushwa kutoka juu, ilhali ni kazi ya mikono, yenye sufuria, maji, waya na saa ya ukutani. Swali la pili halijibiwi na maabara peke yake, lakini asiyelielewa la kwanza hawezi kulijibu.

Tuanze basi na jeli.

Akina mama wa Mombasa, Unguja na Maskati wanaopika faluda mwezi wa Ramadhani wanaijua agari, ile iuzwayo kwa unga au kwa nyuzi nyeupe, inayochemshwa na maziwa kisha ikaganda yenyewe bila ya barafu. Agari hutokana na mwani mwekundu. Ukiisafisha zaidi, ukaondoa sehemu zake zenye chaji ya umeme, unapata unga uitwao agarosi, nao ndio unaotengenezewa jeli ya maabara. Nisieleweke vibaya: mwani unaolimwa na akina mama wa Paje na Jambiani si huu. Ule wa Zanzibar hutoa kitu kingine, karajinani, kinachotiwa katika dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Ni jamaa wa mbali tu.

Fundi wa maabara huchukua gramu moja ya agarosi, akaichanganya na mililita mia moja za maji yenye chumvi maalumu, akaichemsha hadi ikawa safi kama maji ya kunywa, kisha akaimimina katika trei ndogo. Kabla haijaganda hutumbukiza kichanuo cha plastiki karibu na ukingo mmoja. Jeli ikishaganda, kichanuo kinachomolewa, na meno yake yanaacha safu ya vishimo vidogo. Humo ndimo DNA itakamotiwa.

Kuhusu DNA yenyewe, yatosha kwa leo kukumbuka mambo mawili. La kwanza ni kwamba ni uzi mrefu mno, wenye herufi nne za kikemia zinazopangika kwa mfuatano, takriban bilioni tatu katika kila seti ambayo binadamu hurithi kutoka kwa mzazi mmoja. La pili, ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, ni kwamba uti wa uzi huo umejengwa kwa fosfeti, na fosfeti hubeba chaji hasi ya umeme. Kwa hiyo ukiiweka DNA majini ukapitisha umeme, itasafiri kuelekea upande chanya. Haina hiari. Hiyo ndiyo elektroforesisi: kusafirisha kitu kwa nguvu ya umeme.

Lakini kusafiri tu hakungetupa lolote, kwani vipande vifupi na virefu vingekwenda pamoja. Hapo ndipo jeli inapofanya kazi yake. Ukiitazama kwa ukaribu sana, jeli si kitu kizima. Ni wavu, na maji yamejaa katika matundu yake. Wafikirie kaa na mtu mzima wanaovuka msitu mmoja wa mikoko. Kaa hupenya kati ya mizizi bila ya kusita, na mtu mzima kila hatua anakwama. Vivyo hivyo kipande kifupi cha DNA hukimbia, kirefu hujikokota, na baada ya saa moja hivi, kwa umeme wa volti mia moja, kila kipande kimesimama mahali panapolingana na urefu wake.

Niliwahi kulijaribu jambo hili kwa mikono yangu. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa nikitayarisha kipindi, niliruhusiwa kuingia katika maabara ya kufundishia ya chuo kikuu kimoja nchini Uingereza, nikapewa koti jeupe na glovu. Jeli niliimimina vyema. Sampuli, zilizochanganywa na rangi ya buluu na umajimaji mzito ili zizame vishimoni, nilizitia bila ya kumwaga hata tone, nikajiona fundi. Kisha nikachomeka nyaya kinyume, nyekundu mahali pa nyeusi. Niliporudi baada ya dakika ishirini, ile buluu haikuwamo tena katika jeli. Ilikuwa imerudi nyuma, ikatoka ukingoni, ikapotelea majini pamoja na DNA yote. Fundi aliyekuwa akinisimamia alicheka, akaniambia kwamba kila mwanafunzi hufanya kosa hilo mara moja, na kwamba yeye huwafundisha kwa sentensi moja: DNA hukimbilia nyekundu. Sijaisahau hadi leo.

DNA haionekani kwa macho. Baada ya safari, jeli hutiwa rangi inayong'ang'ania DNA, na chini ya mionzi ya urujuanimno vipande hung'aa kama vistari vya rangi ya machungwa katika giza. Rangi iliyotumika kwa miongo mingi, ethidiamu bromidi, hujipenyeza katika DNA kiasi cha kushukiwa kuwa inaweza kuidhuru DNA ya yule anayeishika, na ndiyo sababu ya zile glovu. Maabara nyingi sasa hutumia rangi zisizotisha sana. Pembeni mwa sampuli huwekwa kila mara mchanganyiko wa vipande ambavyo urefu wake unajulikana, nao huitwa ngazi, maana kila kistari ni kama daraja. Na fundi makini huacha njia moja aliyoitia maji matupu, iliyopitishwa katika kila hatua sawa na zile nyingine. Ikiwa kistari kitaonekana katika njia hiyo ya maji, jeli nzima hutupwa, kwa kuwa DNA ya mtu mwingine, pengine ya fundi mwenyewe, imeingia mahali isipotakiwa. Kwa maoni yangu njia hiyo tupu ndiyo yenye maana kuliko zote, na ndiyo ambayo wakili yeyote anapaswa kuiulizia.

Zingatieni basi, wasikilizaji, kile ambacho jeli imekifanya na ambacho haikukifanya. Haikusoma jina la mtu. Haikusoma kabila, wala dini, wala tabia. Imepima urefu.

Je, urefu unawezaje kumtambulisha mtu? Jibu lilipatikana katika mji wa Leicester, Uingereza, asubuhi ya Jumatatu, tarehe 10 Septemba 1984. Mtafiti Alec Jeffreys alikuwa akichunguza sehemu za DNA ambamo sentensi moja fupi hujirudia mara nyingi, kama shanga za namna moja zilizotungwa pamoja. Idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya watu: huyu ana shanga kumi, yule ana kumi na saba. Ukiukata uzi kwa kimeng'enya pande zote mbili za shanga hizo, vipande vitakavyopatikana vitatofautiana kwa urefu, na kutofautiana kwa urefu ndiko hasa kunakoonyeshwa na jeli.

Tatizo lilikuwa kwamba DNA ya binadamu ikikatwa kwa kimeng'enya hutoa vipande vingi mno, na katika jeli huonekana kama moshi uliotandazwa. Hapa Jeffreys alitumia mbinu iliyochapishwa na Edwin Southern mwaka 1975. Jeli hufunikwa kwa utando mwembamba, na juu ya utando huo hurundikwa taulo za karatasi, zile zile za jikoni. Karatasi hunyonya maji kwenda juu, maji hupita ndani ya jeli, na DNA hupanda nayo ikanasa kwenye utando mahali pale pale ilipokuwa. Kisha utando huoshwa kwa kipande cha DNA chenye alama nunurifu ambacho hushikamana na shanga zile tu, wala si kitu kingine, na mwisho hulazwa juu ya filamu ya eksirei kwa siku kadhaa.

Filamu aliyoitoa Jeffreys asubuhi ile ilikuwa na sampuli za fundi wa maabara yake pamoja na baba na mama wa fundi huyo, na sampuli za wanyama kadhaa, na hata tumbaku. Ilijaa mistari kama ile ya kwenye pakiti za bidhaa madukani. Kila mtu alikuwa na mpangilio wake, na kila mstari wa yule fundi ulionekana ama kwa mama yake ama kwa baba yake. Jeffreys amesimulia mara nyingi kwamba alielewa papo hapo alichokuwa akikitazama.

Wengi hudhani kwamba kazi ya kwanza ya ugunduzi huo ilikuwa ya polisi. Sivyo. Kesi ya kwanza ilikuwa ya mama na mtoto, na ilihusu uhamiaji.

Mvulana mmoja wa familia ya Kighana, aliyezaliwa Uingereza na kwenda kuishi Ghana, alirejea kwa mama yake na ndugu zake. Maafisa wa uhamiaji waliitilia shaka pasipoti yake, wakahofia kwamba si yeye aliyezaliwa Uingereza bali ni mwingine aliyeletwa kwa jina lake. Vipimo vya damu vya wakati huo vilionyesha kwamba yeye na mama yule wana undugu wa karibu. Lakini mama alikuwa na dada zake, na vipimo havikuweza kusema kama mvulana ni mtoto wa mama huyo au ni mtoto wa dada yake. Sikilizeni vizuri, kwani swali lililokuwa mezani ndilo lile lile la barua yetu: mama, au mama mkubwa?

Mwanasheria wa familia alisoma habari za Leicester gazetini akamwandikia Jeffreys. Kazi ilikuwa ngumu kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu baba hakupatikana kutoa damu. Jeffreys aliwachukua ndugu watatu wa mvulana ambao hakuna aliyewatilia shaka. Mistari waliyokuwa nayo watoto hao, na ambayo mama hakuwa nayo, haikuwa na pa kutoka isipokuwa kwa baba. Kwa hiyo akaijenga upya sura ya baba asiyekuwepo kutokana na watoto wake. Kisha akautazama mpangilio wa mvulana. Kila mstari wake ulikuwa ama wa mama ama wa baba yule. Hakuna mstari uliokosa mwenyewe. Mwaka 1985 serikali ya Uingereza iliiacha kesi, na mvulana akabaki na mama yake. Jeffreys amesema kwamba uso wa mama yule alipopewa habari hizo ni miongoni mwa mambo ambayo hakuyasahau katika maisha yake ya sayansi.

Polisi walifuata. Katika vijiji vya Narborough na Enderby, si mbali na Leicester, wasichana wawili waliuawa mwaka 1983 na 1986, na kijana wa miaka 17 alikwisha kukiri moja ya mauaji hayo. Kipimo kilionyesha kwamba muuaji ni mmoja katika visa vyote viwili, na kwamba si kijana yule. Mtu wa kwanza ambaye DNA ilimgusa katika upelelezi wa mauaji alikuwa, basi, mtu aliyeokolewa nayo. Muuaji, Colin Pitchfork, alihukumiwa Januari 1988, baada ya maelfu ya wanaume kutoa damu na yeye kumshawishi mwenzake atoe kwa niaba yake.

Mbinu ya kwanza ya Jeffreys haitumiki tena katika kazi za kila siku. Ilitaka damu nyingi, ilichukua siku nyingi, na mistari yake ilibishaniwa mahakamani. Badiliko kubwa lilitokana na wazo la Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, lililompatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1993: kuizalisha sehemu moja ndogo ya DNA mara nyingi kwa kuipasha moto na kuipoza. Ukiipasha hadi nyuzi joto 95, nyuzi zake mbili huachana. Ukiipoza, vipande vifupi vya kuanzia hujibandika mahali vilipotengenezewa. Ukiipasha tena kidogo, hadi 72, kimeng'enya hujenga uzi mpya. Kimoja kimekuwa viwili. Rudia mara thelathini, na kimoja kimepita bilioni. Kimeng'enya kisichounguzwa na joto hilo kilipatikana kwa bakteria aishiye katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani.

Tangu hapo mate machache yaliyopanguswa ndani ya shavu yanatosha. Maabara za leo huchagua vituo maalumu katika DNA ambapo herufi nne hivi hujirudia, nazo huhesabu marudio. Hifadhi ya taifa ya Marekani ilianza na vituo 13 mwaka 1998, ikahamia vituo 20 mwaka 2017. Na jeli ya trei imebadilishwa kwa mrija wa kioo mwembamba mithili ya unywele, wenye umajimaji mzito ndani yake. Vipande hukimbia humo kwa umeme, na leza mwishoni huviona vikipita mmoja mmoja. Hakuna tena haja ya kuchanganya agarosi. Lakini ni elektroforesisi ile ile: kifupi hutangulia, kirefu hufuata.

Tutazame hesabu yake. Tuseme katika kituo fulani mama ana marudio 6 na 9, na mtoto ana 8 na 9. Ile 9 yaweza kuwa ya mama. Basi 8 lazima itoke kwa baba. Mwanamume mwenye 8 na 10 anaweza kuwa baba. Mwenye 7 na 10, hapana. Nasema "anaweza" kwa makusudi, kwa kuwa wanaume wengi duniani wana 8 katika kituo hicho. Ni pale vituo ishirini vinapolingana vyote ndipo maabara huandika asilimia tisini na tisa nukta kadhaa. Kwa upande mwingine, kituo kimoja kisicholingana hakitoshi kumkana mzazi, maana marudio huongezeka au kupungua kwa nadra wakati wa kurithishwa; maabara yenye heshima hutafuta zaidi kabla ya kusema si wake.

Na kwa mama mkubwa je? Mama mkubwa na mama aliyezaa wamechota katika kisima kimoja, lakini si ndoo ile ile. Kwa hiyo katika baadhi ya vituo mama mkubwa atalingana na binti, na katika vingine hatalingana. Karatasi ya maabara iliyoulizwa swali moja, yaani huyu ni mzazi au siye, itajibu: siye.

Mwaka 2008 jibu la namna hiyo lilitolewa kwa wingi, tena mjini Nairobi. Marekani ilikuwa na mpango wa kuwaunganisha wakimbizi na jamaa zao waliokwisha kutangulia huko. Mwezi Februari mwaka huo wizara yake ya mambo ya nje ilianza kwa majaribio kuwapima DNA waombaji wapatao 500 waliokuwa Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia. Upimaji ukapanuliwa hadi nchi nyingine, zikiwemo Uganda na Ethiopia, na kufikia watu wapatao 3,000. Hawakulinganishwa na jamaa aliyeko Marekani. Walilinganishwa wao kwa wao, wale waliodai kuwa familia moja. Ni chini ya asilimia 20 tu ya familia ambazo uhusiano wote uliodaiwa ulithibitishwa. Mpango ukasimamishwa, na uliporejeshwa Oktoba 2012 kipimo cha DNA kilikuwa sharti kwa mzazi na mtoto.

Nisiwafiche kwamba udanganyifu ulikuwepo. Nafasi ya kwenda Marekani ni mali, na penye mali pana wauzaji. Lakini ile namba ikisomwa harakaharaka hudanganya nayo. Familia ambayo mtu mmoja tu hakulingana ilihesabiwa pamoja na zile ambazo hazikuthibitishwa. Na zile ambazo watu wake walikataa kupimwa au hawakufika, nazo zilihesabiwa humo. Na vita vya Somalia viliacha mayatima wangapi waliochukuliwa na shangazi, na mjomba, na jirani, wakaitwa watoto, wakawa watoto? Fomu iliuliza kwa Kiingereza. Mtu akajibu kwa lugha ya nyumbani kwao, ambamo mtoto wa ndugu yako ni mwanao. Mrija wa kioo haujui lugha hizo mbili. Ulipima urefu, kama kawaida yake.

Kiswahili chetu chenyewe kimelibeba jambo hili kwa namna ninayoipenda. Tulipotafuta neno la DNA tuliunda vinasaba, kutokana na nasaba. Tanzania hata ina sheria ya mwaka 2009 iitwayo kwa jina hilo, inayosimamia upimaji wa vinasaba vya binadamu, na kazi yenyewe hufanywa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini nasaba ya wazee wetu haikuwa urefu wa vipande. Ilikuwa ni ndoa, na jina, na urithi, na nani alimbeba nani. Wahenga waliposema kitanda hakizai haramu hawakuwa wajinga wa mambo ya uzazi. Waliamua kwamba mtoto aliyezaliwa katika ndoa ni wa ndoa ile, na wakafunga mlango. Kipimo cha DNA huufungua mlango huo, atake asitake aliyeufunga. Wamekuwepo wazazi waliokwenda kupimwa kwa ajili ya viza, wakarudi na habari ambayo hakuna aliyeiuliza. Anayetaka kupimwa na ayafikirie hayo mapema, kwa utulivu, kabla ya kupanguswa shavu.

Sasa nirudi kwa mama yetu.

Kipimo hakitakuona kuwa mwongo, mama, kwa sababu hakina uwezo wa kumwona mtu mwongo wala mkweli. Lakini afisa atakayesoma matokeo anao uwezo huo, na akikuta neno mwanangu katika fomu, na karatasi ya maabara inayosema siye, hatakuwa na njia ya kujua ulichokimaanisha isipokuwa umemwambia. Kwa hiyo mwambie kabla ya kupimwa. Mwandikie, ukiwezekana kupitia kwa mwanasheria wa uhamiaji, kwamba binti ni mtoto wa marehemu mdogo wako, kwamba umemlea tangu miezi minne, na uambatanishe cheti cha kifo cha marehemu, cheti cha kuzaliwa cha binti, barua za shule, risiti za fedha ulizotuma, na amri yoyote ya mahakama juu ya malezi yake. Sheria za nchi nyingi zinamtambua mtoto wa kulea, kwa masharti ambayo hutofautiana sana. Zisichokipenda ni kulijua jambo hilo kwanza kutoka maabara.

Pia uliza kama kipimo hicho ni sharti au ni ushauri. Tofauti hiyo si ndogo. Oktoba 2018 waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza aliomba radhi bungeni baada ya kubainika kwamba wizara yake iliwalazimisha baadhi ya waombaji kutoa DNA bila ya kuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo.

Na ukiamua kupimwa, waeleze maabara swali sahihi. Usiulize kama wewe ni mzazi. Uliza kama wewe ni dada wa mama yake. Zipo hesabu za kulijibu hilo, ingawa majibu yake ni dhaifu kuliko yale ya mzazi na mtoto, na huimarika wakipimwa jamaa wengine, kwa mfano nyanya wa binti ikiwa yu hai. Na kipo kitu kingine. Nje ya kiini cha seli, katika mitokondria, imo DNA fupi, yenye herufi 16,569, ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Marehemu mdogo wako aliirithi kwa mama yenu, akampa binti. Wewe nawe uliirithi kwa mama huyo huyo. Kwa hiyo ikisomwa herufi kwa herufi, ya kwako na ya binti zitatarajiwa kufanana, kama zingefanana lau ungelimzaa mwenyewe. Haitathibitisha kwamba wewe ni mama mkubwa, kwani watu wengine wa ukoo mmoja wa kikeni nao wanafanana hivyo. Lakini ikiwekwa pamoja na vyeti, si haba.

Tuandikie utakapopata jibu. Nasi, wapenzi wasikilizaji, tutakutana tena wakati kama huu juma lijalo. Kwaherini.